Viatu Alivyoshona Baba

Mpiga pasi huishi kwa masikio. Macho yake yako kwenye kola ya shati la mtu mwingine, mikono yake iko kwenye moto, basi kinachobaki cha kumletea habari za dunia ni masikio tu. Mama Profesa aliweka meza yake mlangoni pa chumba, ikielekea uani, na kila mpangaji yeye alimjua kwa kishindo chake kabla hajamwona. Kwa hiyo jioni ile binti yake mdogo alipoingia getini, mama hakuhitaji kuinua uso. Alisikia mguu mmoja ukikanyaga vizuri na mwingine ukiburutwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua hivyo viatu."

"Nitavua. Ngoja kwanza ninywe maji."

"Nimesema vua."

Mtoto aliketi kizingitini. Kiatu cha kushoto kilitoka bila taabu. Cha kulia alikivuta huku amefumba macho, na soksi ilipokifuata mama aliona ukingo wa nje wa wayo umevimba hadi ngozi inang'aa. Kidole kidogo kilikuwa kimejikunja chini ya jirani yake. Mama akaisimamisha pasi, akainama, akagusa kwa ncha ya kidole tu, na mtoto akaurudisha mguu kwa nguvu akagonga meza.

"Tangu lini?"

"Si siku nyingi."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu baba aliponishonea." Kisha, haraka, kabla mama hajafungua mdomo: "Usimwambie. Mama, nakuomba, usimwambie baba."

Nyumba ile isisingiziwe. Haikuwa nyumba ya ukatili. Baba, fundi viatu, hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa fimbo, na chakula kilipopungua yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ameshiba. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni hii: alijua kumpenda mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na aliyependwa ni yule aliyemletea cha kusema kibandani. Kibanda chake kilibanana na cha kinyozi, watu wanakaa pale kutwa wakisubiri soli au kichwa, na maongezi ya wanaosubiri hayakosi watoto. Huyu wake kafaulu, yule wake kaajiriwa, na asiye na la kusema hugonga msumari kimya kimya.

Kwa miaka mingi la kusema lilikuwa ni binti mkubwa. Tangu alipojua kushika penseli alikuwa wa kwanza darasani, na Fundi akampa jina la Profesa, jina likaganda, hadi mama yake naye akaitwa Mama Profesa na watu wakasahau jina alilozaliwa nalo. Binti mdogo alikuwa wa ishirini na kitu. Akiulizwa habari zake, Fundi alijibu, "Yule mwingine naye anaendelea," akabadilisha mazungumzo. Yule mwingine. Hakusema kwa ubaya, na pengine hapo ndipo penye ubaya.

Halafu siku ya michezo ya shule yule mwingine akawaacha wasichana wote, na wavulana pia, na bado akawa hajachoka. Wenzake wakamwita Risasi. Mwalimu wa michezo akaja kibandani kwa miguu yake, akamshika Fundi mkono mbele ya watu na kumwambia, "Mzee, una hazina ndani." Kuanzia hapo Fundi hakulala. Yeye aliyetengeneza viatu vya watu zaidi ya nusu ya maisha yake, lakini hajawahi kuanzisha kiatu kutoka mwanzo, akajifungia Jumapili mbili. Alichana ngozi nyekundu ya mkoba ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua, akakata soli nene ya mpira mgumu, akachonga misumari ya chini mmoja mmoja kwa tupa. Viatu vilipokamilika havikwenda nyumbani moja kwa moja. Vilitundikwa kibandani kwanza, watu wavione, ndipo mtoto akapewa.

"Na Jumamosi kwenye mashindano utakimbiaje na mguu huu?" mama aliuliza.

"Ukishapata moto hauumi."

"Muongo."

"Unauma mwanzo tu. Baadaye nausahau."

"Si uvae raba zako za zamani?"

Risasi alimtazama mama yake kana kwamba amemwambia akakimbie uchi. "Baba atakuwepo, mama. Amewaalika watu. Hata kinyozi anafunga duka." Akaivuta soksi taratibu juu ya uvimbe. "Zamani alikuwa haniulizi kitu. Sasa kila jioni ananiuliza nimeshindaje."

Mama akachukua pasi yake. Alitaka kusema kwamba mguu ni mguu na baba ni baba, na kwamba mtoto haulizwi habari kwa malipo ya mfupa. Hakusema. Alisema, "Basi leo sitamwambia," akarudi kwenye kola ya watu, na moyoni alijua kwamba amefanya vibaya.

* * *

"Mama Risasi, habari za hapa?" Fundi aliingia akinukia gundi. Jina hilo jipya alilianzisha yeye mwenyewe, na wapangaji wengine walikuwa wameanza kulifuata.

"Njema. Karibu chakula."

Walikula wote wanne kwenye mkeka. Profesa alisubiri baba ameze tonge la kwanza.

"Baba, matokeo yametoka. Nimekuwa wa tatu."

Mama alishusha mkono. Miaka miwili nyuma Profesa alipokuwa wa pili, baba yake alisusa chakula, akakaa nje kwenye ngazi kama mtu aliyefiwa, na asubuhi akaenda kumwuliza mwalimu ni nani huyo aliyekuwa wa kwanza na wazazi wake wanafanya kazi gani. Sasa mama alijiandaa.

"Hongera," Fundi alisema bila kugeuka. "Risasi, leo mmepiga raundi ngapi?"

"Sita, baba."

"Na viatu?"

"Viko vizuri."

"Vinashika?"

"Vinashika, baba."

"Kiatu lazima kishike. Kiatu kisichoshika ni ndala." Fundi alicheka mwenyewe, akageukia mke wake. "Mwalimu anasema wale wa shule ya bweni wanakuja wenyewe Jumamosi. Wanataka msichana mmoja tu. Mmoja, kanda nzima. Chakula, masomo, malazi, vyote juu yao. Nimemwambia mwalimu, wakiuliza viatu vimetoka wapi, wewe nyoosha kidole huku nilipokaa mimi."

Mama alimtazama Profesa, akitegemea kukuta machozi. Hakukuta. Msichana yule alikuwa akila. Alikuwa akila kwa utulivu ambao mama hakuwahi kuuona kwake siku yoyote ya matokeo, akasafisha sahani, akaomba aongezewe.

Baadaye, akikunja nguo za wateja, mama aliwasikia mabinti nyuma ya pazia.

"Mguu vipi?" Profesa aliuliza.

"Upo."

"Jikaze mwenzangu. Ukiacha kukimbia zamu inarudi kwangu. Nilikuwa sijui kulala kutamu mpaka ulipopewa wewe."

"Na mimi sitaki kuirudisha."

"Uirudishe ya nini? Kaa nayo. Mimi nataka nikae wa tatu nizeeke hapo."

Wakacheka, wakiziba midomo kwa mashuka ili baba asisikie. Kile kicheko kilimuuma mama kuliko mguu aliouona. Watoto wake walikuwa wanapokezana baba kama watu wanaopokezana mzigo njiani, na yeye mama yao hakuwa na bega la kutoa.

* * *

Kesho yake alipokuwa akipeleka nguo kwa wateja alijitungia hotuba nzima. Angemwita mume wake pembeni, angeongea kwa sauti ya chini, angeanza kwa kumsifu. Alipofika kibandani akakuta benchi limejaa, kinyozi amesimama na mashine mkononi huku kichwa cha mtu kikiwa kimenyolewa upande mmoja, na Fundi yuko katikati ya habari.

"...sasa yule wa pili yuko huku," Fundi alikuwa akionyesha kwa shazia, ile sindano yake nene ya kushonea ngozi, "na wangu ameshapita, ameshavua viatu, anakunywa maji."

"Fundi, punguza chumvi," kinyozi alisema. "Mpaka Jumamosi utatuambia alirudi nyumbani akapika."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, uso unang'aa, na mama alipoona uso ule hotuba yake ikaanza kumtoroka. Tangu waoane alikuwa amemwona mume wake akiinamia miguu ya watu, akiitwa "wewe fundi", akitupiwa kiatu chenye tope bila salamu. Hapa palikuwa na watu wazima wanamsikiliza.

"Baba Risasi, nina neno," alisema.

"Sema mama, hapa wote ni ndugu."

"Ni la pembeni."

"Pembeni nitaenda na nani aangalie kazi? Sema tu."

Mama alikohoa. "Mtoto anachechemea."

Kinyozi akazima mashine.

"Nani anachechemea?"

"Risasi. Mguu wa kulia umevimba. Nafikiri viatu vinambana."

Fundi aliweka nyundo chini polepole. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alitabasamu, tabasamu analowapa wateja wanaorudisha kazi.

"Mama, kiatu kipya lazima kiume kidogo. Ndiyo kinaujua mguu. Hawa wote hapa," akazungusha mkono, "nimewatengenezea, nikawaambia vumilieni wiki, na leo hakuna anayelalamika. Au uongo?"

"Kweli kabisa," alisema yule mwenye nusu ya nywele.

"Ni zaidi ya wiki," mama alisema.

"Ngozi zinatofautiana." Akamgeukia kinyozi. "Unaona wanawake? Mimi namfundisha kupiga pasi? Sijawahi kumwambia hata siku moja, shati hili umeliunguza."

Wakacheka tena, kwa adabu, wakimwangalia mama kuona kama na yeye atacheka. Akacheka. Mpaka leo hajui kwa nini alicheka. Akachukua furushi lake la nguo, akaaga, na njiani alijiambia kwamba ameshasema, kwamba sasa jambo liko kwa mwenyewe. Hakujiamini hata yeye.

Jioni Fundi alimwita mtoto, akamwuliza mbele ya mama yake: "Eti viatu vinakubana?"

Risasi alimtazama mama mara moja tu. Mama angelipenda kuchapwa kofi kuliko kutazamwa vile.

"Havinibani, baba."

"Unasikia?" Fundi alisema.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa. Wazazi walikaa kwenye ngazi za saruji upande wenye kivuli, wengine wamekuja na miavuli, na Fundi akachagua safu ya mbele kabisa, ngazi kadhaa juu ya uwanja, kinyozi kulia kwake, mke kushoto. Profesa alibaki nyumbani akisema ana kazi ya shule. Wale wa shule ya bweni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa kofia za aina moja, na Fundi aliwatazama wao zaidi kuliko uwanja.

Katika mchujo Risasi alikuwa wa kwanza. Wengine wote waliona ushindi. Mama aliona kwamba alipovuka mstari hakusimama kwa mguu wa kulia. Aliruka ruka kwa wa kushoto hadi kwenye nyasi, akajifanya anacheza. Mwalimu wa michezo alimpigia makofi. Fundi akamgonga kinyozi begani mpaka kinyozi akasogea.

"Umeona misumari ilivyoshika? Umeona?"

"Nimeona, Fundi. Niache bega."

"Baba Risasi," mama alisema, "mwambie mwalimu amwangalie mguu kabla ya fainali."

"Sasa hivi? Mbele ya wale?" Fundi alionyesha kofia kwa kidevu. "Unataka waseme mtoto ni mgonjwa? Mama, tulia. Ni mbio moja tu imebaki. Moja."

Mama akasimama. Alishuka ngazi mbili, na ya tatu. Angeweza kwenda mwenyewe. Uwanja haukuwa na ukuta, ulikuwa na kamba tu, na mwalimu alikuwa hatua chache. Lakini Risasi alikuwa amemwona kutoka kwenye nyasi, naye akatikisa kichwa. Hapana, mama. Mama akasimama pale pale kwenye ngazi ya tatu, mkoba mkononi, mtu wa nyuma akamwambia, "Mama, kaa, tunashindwa kuona," akakaa.

Fainali ilikuwa raundi mbili. Raundi ya kwanza Risasi aliongoza. Katika kona ya mwisho msichana mrefu wa shule ya jirani alikuwa nyuma yake na hapakuwa na dalili ya kumfikia. Kisha Risasi akakanyaga kama watu wote wanavyokanyaga, mahali palipo sawa kama meza, na mguu haukumpokea. Alianguka kwa ubavu. Hakupiga kelele. Msichana mrefu akamruka, akaendelea, na uwanja mzima ukashangilia kwa sababu lazima mtu ashangiliwe.

Risasi alijaribu kuinuka. Akajaribu tena. Mara ya tatu alitambaa, kwa mikono na magoti, akielekea mstari, na hapo ndipo mama yake aliporuka kamba.

* * *

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, anayeongea huku akiandika. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Mfupa huu haukuvunjika leo," alisema. "Leo umemalizikia tu. Ulianza kupasuka wiki kadhaa zilizopita, na mtu akaendelea kuukimbilia. Viatu alivyokuwa anavaa mnavyo?"

Mama alivitoa mkobani. Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango. Daktari alikishika kile cha kulia, akajaribu kukikunja soli, hakikukunjika. Akaingiza vidole ndani, akavitoa.

"Hiki ni kigumu kama ubao, na ni chembamba hapa mbele. Mguu umebanwa, halafu hauna pa kupinda, uzito wote unalala kwenye mfupa mmoja. Mlivipata wapi?"

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, mizani na ndoo ya takataka. Fundi alitazama mizani. Mama alimtazama Fundi. Akamwombea mume wake moyoni: sema, baba watoto, sema mwenyewe, hakuna atakayekufunga.

"Tulinunua mtumba," Risasi alisema kutoka kitandani.

"Basi aliyevishona hajui mguu wa mtu," daktari alisema, akavirudisha kwa mama.

"Kazi za siku hizi, daktari," Fundi alisema.

Mama alisikia kwa masikio yake mawili. Alivitia viatu mkobani, akafunga zipu, na zipu ilipokwama katikati akaiacha hivyo.

"Atakimbia tena?" Fundi aliuliza. Lilikuwa ndilo swali lake la kwanza tangu waingie.

"Tuombe kwanza atembee vizuri. Mfupa wa hapo ni mbishi kuunga. Mashindano?" Daktari alitikisa kichwa. "Mimi kama mzazi nisingeliweka moyoni."

Mtoto alifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, akapewa magongo. Kutoka hospitalini Fundi alitangulia mbele, kwa haraka, kama mtu asiyefahamiana na wanaomfuata.

Kibandani alisema uwanja ulikuwa na shimo. Siku ya pili shimo likawa kubwa zaidi. Kinyozi, aliyekuwepo safu ya mbele na hakuona shimo lolote, alinyoa vichwa bila kuchangia, na huo kwa kinyozi ni ukarimu mkubwa. Nyumbani Fundi hakusema neno baya. Hakusema neno zuri pia. Alimpita Risasi kitandani kama mtu anavyopita kwenye chumba cha wapangaji wengine, macho mbele, na mtoto ambaye mwanzoni aligeuza uso kila mlango ulipolia akaacha kugeuza. Jioni moja Fundi alinyoosha mkono mkekani na kusema, "Mama Profesa, nipe chumvi." Wote wanne walisikia jina lililorudi.

"Profesa," akaongeza, "mtihani mwingine lini?"

Profesa aliweka kijiko chini. Hakuomba kuongezewa.

Mama alijaribu. Alimfuata mume wake nje kwenye ngazi, akaketi ubavuni mwake.

"Mwite umwambie neno," alisema.

"Neno gani?"

"Lolote. Mwulize mguu unaumaje."

"Nitamwuliza nikijua nitamjibu nini akijibu." Fundi alikuwa akijichokonoa gundi kwenye kucha. "Mama, mimi nilitaka mtoto wangu avae kitu nilichotengeneza mimi. Nilikosea wapi kutaka hivyo?"

Mama alimwonea huruma, akamchukia, akamwonea huruma tena, na vyote vitatu havikumsaidia mtoto ndani.

* * *

Mwalimu wa michezo alikuja asubuhi ya siku ya mapumziko, na nyuma yake alikuja yule msichana mrefu wa shule ya jirani. Walibisha hodi, wakavua viatu mlangoni. Msichana alikuwa na aibu. Alimletea Risasi machungwa kwenye mfuko, akayaweka kando ya kitanda, akasema pole, na Risasi akasema ahsante, hongera.

"Mzee," mwalimu alisema, "nimekuja kuomba. Shule ya bweni wamemchukua huyu. Anaripoti karibuni, na hana viatu, alikimbilia raba za kawaida. Nikamwambia nampeleka kwa Fundi. Viatu kama vile havipo madukani. Kama si lile shimo, sijui nani angemfikia binti yako."

Mama alikuwa na pasi mkononi. Alisubiri. Ilikuwa rahisi kukataa: kazi ni nyingi, ngozi nyekundu imekwisha, misumari haipatikani. Mtu hahitaji hata kukiri kosa ili akatae.

Lakini mwalimu alikuwa amesema kama vile havipo, na uso wa Fundi, uliokuwa umekufa siku zote hizo, ulianza kufufuka mbele ya mke wake. "Unakimbia kwa muda gani?" alimwuliza msichana. Msichana akataja. "Aa," Fundi alisema, akitikisa kichwa kwa heshima. "Utashusha. Ukipata viatu utashusha huo."

Akatafuta kipande cha boksi, akakitandaza sakafuni, akavuta kiti. Msichana aliketi kama wanavyoketi wateja wote kibandani, maana kwa Fundi mguu ni kitu kinacholetwa na mtu aliyekaa. Aliushika kisigino, akauweka juu ya boksi, akaanza kuuzungushia kalamu.

Mama alifungua mdomo. Akiongea, mume wake ataumbuka mbele ya mwalimu, na kibandani habari itafika kabla ya yeye. Asipoongea, mtoto wa watu ataondoka na mfupa utakaopasuka kama wa Risasi. Alijua kabisa lipi ni sahihi, vile vile kama alivyojua kwenye ngazi ya tatu ya uwanja. Pasi ikaanza kuunguza kitambaa. Akainua.

"Baba," Risasi aliita kutoka kitandani.

Fundi hakugeuka. "Nini?"

"Msimamishe kwanza. Mimi ulinipima nimekaa."

Alisema bila hasira, kama anayemwambia mtu mlango uko wazi. Mama ndipo alipojua kwamba mtoto alijua. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza, aliposimama ndani ya vile viatu vyekundu huku baba yake akimzunguka kwa furaha na kumwuliza vinashika, naye akajibu vinashika.

Mwalimu hakuelewa, akatabasamu tu. Msichana mrefu, mtoto mwenye adabu, alisimama. Uzito ulipoushukia, mguu wake ukafunguka juu ya boksi: vidole vikatawanyika, ukingo wa nje ukasogea, na mstari aliokuwa amechora Fundi ukafunikwa wote, usionekane tena.

Fundi aliutazama. Mama aliona kwamba ameona. Sasa, alijiambia, sasa atasema. Si lazima aseme nisamehe; ageuke tu, amwite mtoto mwanangu, hata amwangalie.

Fundi akachora mstari wa pili, nje ya ule wa kwanza. Alichora taratibu sana, akirudia kisigino, akirudia kidole kidogo, kwa sababu akimaliza ingembidi ainue uso. Akamaliza. Hakuinua. Alihamisha boksi upande wa pili, akapangusa kalamu kwenye suruali.

"Sasa lete wa kushoto," alimwambia mtoto wa watu.